Karatasi Moja, Kaya Moja

"Gazeti halina mbele wala nyuma, Mihambo! Ingekuwa kanzu ningekuelewa."

"Lina mbele. Orodha ya viwanja ni tangazo la serikali, na tangazo la serikali haliwekwi nyuma. Nyuma wanaweka mpira na wanawake."

"Na wanawake!"

"Si mimi niliyelitengeneza hilo gazeti, Mwamvua."

"Wala hukulisoma. Kwenu gazeti mlilijua kwa kufungiwa karanga."

Waliokuwa kwenye foleni ya bomba wakacheka. Foleni yenyewe ilikuwa imeshapinda, kutoka kwenye bomba mpaka kwenye baraza ya Jumba la Kumbukumbu, maana maji yanasubirika lakini ugomvi haumsubiri mtu. Saa mbili asubuhi, Jumatatu, Ng'ambo ya Tabora, na mimi nimesimama katikati yao nimekumbatia bahasha ya kaki kama mtu aliyebeba kifaranga.

"Nyamizi," Mwamvua akanigeukia. "Wewe ndiye mtunzaji. Waambie."

"Niwaambie nini?"

"Kwamba picha ndiyo mbele."

Mihambo naye akaniita kwa heshima, jambo ambalo halikuwa dalili njema. "Dada Nyamizi, sisi tuko watano. Mimi, Siwema na mabinti watatu. Kwake wako wawili. Sitaki kusema zaidi ya hapo."

"Umeshasema," Mwamvua akamjibu. "Umeshatupima kwenye mizani, mimi na mama yangu kipofu. Haya, tuna kilo ngapi?"

Hakuna aliyecheka hiyo.

Niwaeleze hawa watu, kwa sababu ukisikia ugomvi tu utadhani ni maadui. Nyumba zao zinatumia ukuta mmoja. Mwamvua ni mjane, fundi cherehani, shoga yangu tangu tulipong'oka meno ya utoto, anaishi na mama yake, Bi Nunu. Mihambo ni fundi wa pampu, mtu wa maneno machache na kikohozi kirefu. Siwema, mkewe, alipojifungua binti wa pili, aliyepokea mtoto ni Mwamvua. Bi Nunu alipopoteza macho, aliyefunga kamba kutoka mlangoni mpaka chooni ili ajiongoze ni Mihambo. Miaka ishirini hawajawahi kugombania hata kivuli. Sasa wanagombania karatasi yenye ukubwa wa kiganja, kwa sababu nimeikuta mimi, na kwa sababu nina mdomo usioweza kulala na habari.

Ningenyamaza, ningemwita mmoja pembeni. Lakini mimi ni Nyamizi. Nilipoikuta nilitoka mbio barabarani nikipiga kelele majina yote mawili.

*

Karatasi yenyewe ilitoka sanduku namba mia mbili na kumi na nne, mali ya marehemu Mfaume, fundi saa. Mfaume hakuwa mtu wa kuhifadhi historia. Alikuwa anakata magazeti vipande vya mraba afungie vyuma vidogo vya saa visipotee. Alipokufa, warithi wakaleta sanduku zima kwenye Jumba, na miaka karibu sitini vile vipande vikakaa humo vikinuka mafuta ya saa. Vilikuwa thelathini na moja. Kimoja tu ndicho kilichokuwa na watu wetu.

Upande mmoja, sehemu ya orodha ya waliogawiwa viwanja Ng'ambo. Katikati yake, jina zima bila kukatwa: Lutonja Mihambo, baba yake babu wa huyu Mihambo wetu. Upande wa pili, picha ya wanawake saba waliofuzu kisomo cha watu wazima, wamesimama na vyeti vifuani, na chini yake, "kutoka kushoto", majina. Wa tatu ni Chausiku binti Kasongo, bibi yake Bi Nunu. Bi Nunu anamkumbuka. Anasema bibi yake alipojua kusoma, alisoma kila kitu, mpaka maandishi ya kwenye magunia ya sukari, kwa sauti, sokoni, watu wakidhani amechanganyikiwa.

Sasa hesabu inayofuata kila mtu wa Tabora anaijua hata usingizini. Zamani kidogo ilikuja ile miaka tunayoiita ya Sura, mashine zilipoweza kutengeneza uso wa mtu yeyote, sauti yake, cheti chake cha kuzaliwa, hati yake ya nyumba. Mtu aliamka asubuhi akakuta pacha wake ambaye hajawahi kuzaliwa kauza shamba usiku. Kumbukumbu zote za kwenye mitambo zikawa porojo. Mvua nazo zikapungua, kisima kirefu kikabaki kimoja, na Idara ya Mizizi ikatoa amri: maji ni ya wenyeji, na mwenyeji ni yule ambaye jina la mzee wake limo kwenye karatasi iliyochapwa au kuandikwa kabla ya miaka ya Sura. Karatasi, pamoja na kiapo cha mtunzaji wa kumbukumbu kwamba kweli wewe ni wa ukoo huo. Asiyekuwa nayo, pete yake ya maji inafungwa. Anaigusisha bombani, bomba linanyamaza. Kisha Jumatatu kuna treni ya kwenda Uwanda, na kutoka Uwanda hakujawahi kurudi mtu wala salamu.

Ndiyo maana mimi, niliyemaliza darasa la saba kwa kuruka ukuta, nikawa mtu mkubwa. Nilikuwa nauza vitumbua getini pa Jumba. Mzee Lugusha, mtunzaji wa wakati huo, alikuwa anasoma majina kwenye barua na hajui ni ya nani. Mimi nikimpa kitumbua namwambia, "Huyo Kalekwa aliyeandika hapo ni mama wa yule mwenye kigugumizi wa Isevya, ila baba aliyeandikwa siye, ulizia kwa fundi rangi." Akaniajiri. Alipofariki wakanipa funguo. Umbea wangu ukawa kiapo.

*

Wiki hiyo Mlaji alikuwa kwetu. Jina lake la Idara ni Kisomeo, lakini hakuna anayeliita hivyo. Ni sanduku la chuma lenye ukubwa wa kabati la vyombo, linaletwa kwa lori kila baada ya miezi miwili, na linakaa ukumbini tangu Jumatatu mpaka Alhamisi. Afisa wake anaitwa Kahigi, kijana wa Bukoba, mpole, anakula biskuti peke yake kwenye ngazi za nyuma.

Jumanne alikuja mzee mmoja wa Kiloleni na barua aliyoikuta ndani ya godoro. Bibi yake aliiandika kwa mwanaume ambaye siye babu. Mzee aliishika kwa vidole viwili.

"Naweza kuisoma mara ya mwisho?"

"Soma, mzee wangu," Kahigi akamwambia. "Hakuna haraka."

Akasoma midomo ikicheza. Alipofika mwisho akarudi mwanzo. Kisha Kahigi akaiweka kwenye bamba la kioo, upande wa maandishi ukitazama juu, akafunga kifuniko. Mlaji hana kelele. Mwanga mweupe unapita, karatasi inageuka moshi tabaka baada ya tabaka, na moshi unavutwa ndani upimwe: wino gani, nyuzi za mti gani, jasho la mikono ya miaka mingapi. Chini ya dakika moja taa ikawaka kijani. Mzee alikuwa mwenyeji. Kwenye bamba pakabaki vumbi la kijivu, hata kijiko hakijai.

"Lakini kwa nini lazima iungue?" nilimuuliza Kahigi siku nyingi kabla ya hapo.

"Ikibaki, itauzwa, mama. Mwaka wa kwanza barua moja ilizaa kaya arobaini. Ndiyo ikawa karatasi moja, kaya moja."

Kwa hiyo Jumba letu lilikuwa linaliwa. Mlaji akija, masanduku yanapungua uzito. Shajara za wakulima wa tumbaku, barua za wafanyakazi wa reli, mialiko ya harusi, vipande vya magazeti ambavyo watu walivikata kwa sababu wameonekana mara moja tu maishani, vyote moshi. Kwenye rafu za upande wa mashariki, zilizobaki tupu, nilikuwa nimeshaanza kuanika nguo. Miezi saba nilipekua kuwatafutia Mwamvua na Mihambo. Hicho kipande ndicho kilichokuwa cha mwisho kwao, na walikuwa wamekaa mgongo kwa mgongo ndani yake.

"Alhamisi saa nane ndio mwisho," Kahigi aliniambia baada ya mzee wa Kiloleni kuondoka. "Upande utakaotazama juu ndio utakaosomwa jina. Uamuzi ni wako mtunzaji, mimi siingilii."

Nilijua namna ya kuamua. Ningehesabu watu, ningemgeuza Lutonja juu: watano kwa wawili. Au ningesema wazi kwamba Bi Nunu hafiki Uwanda, atafia njiani, watoto wana nguvu. Kila njia ilikuwa na sababu yake, mbaya lakini inasemeka. Nilichokuwa nakiogopa ni kingine, na nitakisema hapa ingawa hakinipendezi. Nilimgeuza Chausiku juu kichwani mwangu, nikasikia mtaa: shoga yake huyo, ulitegemea nini? Nikamgeuza Lutonja, nikaona baraza yangu bila Mwamvua. Nyumbani kwangu hakujawahi kupikwa chungu cha watu wawili tu. Watu wanaingia hata hawabishi hodi. Nilitaka Ijumaa ifike na wote waendelee kuingia.

*

Jumatano nikaitisha watu uani kwangu. Waliitika kama harusi. Mikeka haikutosha, wengine walikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa.

"Si waoane!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. "Wawe kaya moja!"

Siwema akasimama, mikono kiunoni. "Haya, mume huyu hapa. Anakoroma, anakohoa, na soksi zake mnazijua. Mwamvua, njoo umchukue na risiti nitakupa."

Uani pakalipuka. Hata Mwamvua akafunika uso kwa khanga akicheka mabega yakitikisika. Ikabidi mimi niharibu raha. "Ndoa iliyofungwa baada ya hesabu ya kaya haihesabiwi. Idara waliliwaza hilo kabla yetu."

"Wana akili hao," Bi Havijawa akasema. Bi Havijawa anauza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, sokoni, na hapa kwetu hakuna jambo linalopita bila yeye kuliwekea mkono. "Sasa mnahangaika nini? Samaki mmoja, sufuria mbili. Si mnagawa?"

"Nikiikata, Bi Havijawa, kila mtu anapata nusu ya picha na nusu ya orodha."

"Nani kasema ukate kama mkate? Chana kama chapati. Huyu tabaka la juu, huyu tabaka la chini."

Watu wakanigeukia. Mimi nilikuwa nimeshaliona hilo likifanyika.

Mzee Lugusha alilifanya mbele yangu mara moja, mwaka wangu wa kwanza. Karatasi iliyochoka alikuwa anaipaka gundi ya wanga wa muhogo pande zote mbili, anabandika melimeli, kile kitambaa chepesi cha pamba, huku na huku, anaacha ikauke, kisha anavuta vitambaa taratibu, kimoja kulia, kimoja kushoto. Karatasi inaachana katikati ya unene wake, wino wa juu unabaki na kitambaa cha juu, wa chini na cha chini. Ndani alikuwa anaweka karatasi ngumu, anavirudisha pamoja. Yeye alikuwa anaachanisha ili kuimarisha.

Nikawaeleza. Kabla sijamaliza, mtu kashaleta muhogo. Wakaleta na mwingine. Beseni zikaanza kupita.

"Tuulize kwanza kule kwa afisa," Mihambo akasema, akikohoa.

"Uulize afisa?" Bi Havijawa akamgeukia. "Lini uliwahi kuuliza afisa jambo akakujibu ndiyo? Akishajua, atakataza. Jambo la mtaa linamalizwa na mtaa."

Tukaitikia wote. Ndivyo tulivyo. Ng'ambo haiamui nani akose, Ng'ambo inagawa. Maiti ikikosa sanda tunagawana khanga, kiwanja kikigombewa tunapitisha ukuta katikati. Afisa ni mtu wa kupitwa huku umebeba kitu chini ya kapu.

Mwamvua peke yake alinivuta pembeni, karibu na jiko. "Nyamizi, ikiharibika?"

"Haitaharibika."

"Umewahi kufanya?"

"Nimeona."

"Nakuuliza umewahi kufanya."

Watu walikuwa wanatutazama. Zaidi ya hamsini, wengine na watoto mgongoni. "Haitaharibika," nikasema kwa sauti ya kusikika.

Akaleta melimeli yake mwenyewe, ile ya kutengenezea nguo za watoto wachanga. Nikakoroga wanga mpaka ukawa mwepesi kama uji wa mgonjwa. Nikapaka kwa unyoya wa kuku, nikabandika, nikaweka juu ya mfuniko wa sanduku, juani. Watu walikaa wakisubiri karatasi ikauke kama wanavyosubiri mwezi uandame. Saa kumi nikaanza kuvuta.

Ile sauti siwezi kuisahau. Kama mtu anachana jani bichi, polepole sana. Mkono wangu wa kulia ukatoka na wanawake saba, wote na vyeti vyao. Wa kushoto ukatoka na orodha, na Lutonja katikati yake hajapoteza hata herufi.

Vigelegele vilisikika mpaka stesheni, wanasema. Siwema alimkumbatia Mwamvua wakazunguka nusura waanguke. Mihambo akamwinua Bi Nunu na kiti chake. Bi Nunu akaomba aguse, nikamwelekeza kidole chake, wa tatu kutoka kushoto, akakiacha hapo muda mrefu. Togwa ilitoka sijui wapi. Nililala nikiwa malkia wa Ng'ambo.

*

Alhamisi tukaenda wote. Vitambaa nilikuwa nimeviloanisha nikavitoa, na karatasi zikabaki zenyewe, laini kama ngozi ya kitunguu. Mwamvua alitangulia. Nikala kiapo: huyu ni binti wa Nunu, Nunu ni binti wa Tabia, Tabia ni binti wa Chausiku binti Kasongo, namjua kama ninavyojua mkono wangu.

Kahigi aliipokea, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Nyepesi hii."

"Ni ya zamani," nikasema.

"Magazeti ya zamani yalikuwa mazito kidogo." Akaigeuza. Nyuma ilikuwa nyeupe, yenye manyoya. Akanitazama, kisha akatazama mlango uliojaa watu. "Mashine itasema."

Mwanga ukapita. Mwanamke wa kwanza pichani akaondoka, wa pili, wa tatu. Moshi ukavutwa. Tulisubiri kijani, na baadhi ya watu walikuwa wameshaweka ulimi tayari kwa kigelegele.

Taa ikawaka nyekundu. Chini yake maneno mawili: *Shahidi hayupo.*

"Shahidi gani?" Mwamvua akauliza. "Nyamizi si huyu hapa?"

Kahigi alivua miwani. Hakupandisha sauti, na ningependa angepandisha. "Si shahidi mtu. Waghushi wanachukua karatasi tupu za zamani, kurasa za mwisho za vitabu, wanachapa jina upande mmoja. Kwa hiyo mashine haiamini upande unaosomwa peke yake. Inautafuta wino wa upande wa pili, uliozama ndani kukutana na huu. Upande wa chini ndio unaoushuhudia wa juu. Hii haikuwa na upande wa chini."

Mwamvua akanigeukia.

"Tuliigawa," nikasema. "Ili wote wawili…"

"Nimeelewa sasa." Alikaa kwenye kiti. "Ingekuja nzima, mama, ningempitisha mmoja bila wasiwasi wowote."

"Yupi?"

"Yeyote uliyemgeuza juu."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Hakuna aliyeniuliza." Alisema kama mtu anayejitetea mbele ya wakubwa zake. "Nipo hapa tangu Jumatatu. Jana nikaona watu wanapita na beseni za muhogo, nikasikia vigelegele. Nikadhani mna sherehe."

Mihambo alikuwa mlangoni na nusu yake ya karatasi ndani ya kitabu cha shule cha bintiye. Kahigi akamwambia anaweza kujaribu, lakini jibu ni lile lile. Mihambo akaitazama taa nyekundu, akakifunga kitabu.

"Basi hii nitakwenda nayo," akasema. "Watoto waone jina."

Alipita mbele yangu bila kunitukana. Siwema alinitukana. Nilishukuru.

Mwamvua alibaki amesimama mbele ya bamba la kioo, akitazama lile vumbi. "Alikuwa wa ngapi vile?" aliniuliza. "Kutoka kushoto."

"Wa tatu."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia, akatoka.

*

Pete zao zilifungwa Ijumaa adhuhuri. Nilikuwa kwenye foleni binti mdogo wa Mihambo alipogusisha yake bombani. Akaifuta kwenye gauni, akagusisha tena. Akajaribu kidole kingine. Watu wakatazama ndoo zao. Mimi pia nikatazama yangu.

Baraza yangu ilikaa tupu siku tatu. Hakuna aliyenisusa kwa maneno, na Bi Havijawa hata alinisalimia kwa mbali, lakini hakuna aliyekuja kukaa. Nilipika kipimo changu cha kila siku Ijumaa, nikakitupa. Jumamosi nikapika kidogo, kikabaki hata hicho. Jioni nikafungua masanduku yaliyobaki Jumbani, moja moja, mpaka la mwisho, nikijua hamna kitu, kwa sababu nilikuwa nimeshayapekua mara mbili. Kwenye sanduku la Mfaume nilikuta vipande thelathini vya magazeti. Matokeo ya mpira. Bei za pamba. Tangazo la mtu aliyepotelewa na baiskeli. Kila jina nililisoma kwa sauti, nikajiuliza ni la nani, na kwa mara ya kwanza maishani kulikuwa na majina ambayo sikuyajua.

Jumapili mchana nikachota maji yangu yote ya siku, nusu ndoo, nikaifunika kwa khanga. Ukimpa maji aliyefungwa, unafungwa na wewe. Limeandikwa bombani kwa rangi nyekundu. Nilitembea katikati ya barabara, jua kali, sikujificha, na sikuwa jasiri wala nini. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu ambaye kila mtu anamsalimia.

Kwa Mihambo nilipiga hodi mara tatu. Ndani niliwasikia wakifunga mizigo, kamba ikikazwa. Mtoto akasema, "Mama, kuna mtu." Siwema akasema, "Hakuna mtu."

Nikasogea mlango wa pili. Ulikuwa wazi. Cherehani ilikuwa imefungwa kwa shuka, kamba ya Bi Nunu imeshafunguliwa na kukunjwa. Uani moshi ulikuwa mwingi. Mwamvua alikuwa ameinama juu ya majiko matatu kwa mpigo, wali kwenye sufuria kubwa ile ya misiba, kisamvu cha karanga kwenye nyingine, na pembeni michembe ikitokota. Alikuwa anapika kila kitu kilichokuwamo ndani ya nyumba.

Hakuinuka. "Umebeba nini?"

"Maji."

"Wamekuona?"

"Wameniona."

"Mpumbavu." Akafunua sufuria, akageuza wali, akafunika. "Nilichota ya mwisho Ijumaa asubuhi, nikayaficha chini ya kitanda cha mama. Ndiyo haya ninayopikia. Treni hairuhusu mchele wala unga. Nguo na dawa basi. Nikasema siachi punje humu ndani."

"Mwamvua."

"Usiniombe msamaha. Nitakuambia sijui, halafu utalia, halafu itabidi nikubembeleze. Sina nafasi hiyo leo."

Kwenye mkeka Bi Nunu alikuwa amekaa na sahani mapajani, peke yake, uso ameuelekeza mlangoni. "Nani huyo?" akauliza. "Ni watu wamekuja?"

Mwamvua akatazama sahani alizokuwa amezipanga. Nilizihesabu: kumi na mbili. Alikuwa amepeleka ujumbe mtaa mzima tangu asubuhi, niliambiwa baadaye, na watu wakasema wanakuja, wanakuja.

"Ni Nyamizi, mama," akasema. Akainuka, akashika kiuno kama mwanamke mzee, akaitoa ndoo mkononi mwangu na kuimimina kidogo kwenye bakuli. "Yanatosha kunawa. Vua viatu, acha kunisimamia mlangoni kama mgeni. Ingia ule."